Kumbukumbu na Uzee: Mafunzo Kutoka Ufipa

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, yapo mabaki ya matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, chuma kutoka nje kilipoenea. Hata hivyo, wazee waliweza kuwasimulia watafiti hatua zake: kujenga tanuri, kupanga makaa na mawe, kuiacha hewa iingie yenyewe kwa matundu ya chini, na hatimaye kukisafisha chuma katika tanuri dogo lenye mifuo. Vivyo hivyo, mwaka 1976, katika mkoa ambao sasa huitwa Kagera, wazee wa Kihaya waliyeyusha chuma mbele ya watafiti, ingawa kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa karibu miaka 50.

Yawezekanaje basi mzee akumbuke ufundi wa ujanani, lakini asahau alipoweka fimbo yake jana? Jibu ni kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Ipo kumbukumbu ya ustadi wa mikono, ipo ya maarifa, na ipo ya matukio. Mbili za kwanza hudumu sana. Ya tatu hutegemea sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo hupungua ukubwa kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo kuchelewa kukumbuka jina la mtu ni jambo la kawaida uzeeni.

Lakini kupotea katika njia iliyozoeleka, au kushindwa kazi ya kila siku, si uzee tu. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, kwa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulionyesha kuwa takriban 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Wengi wao, basi, hawakuwa nayo. Mzee wa namna hiyo ni mgonjwa, wala si mchawi, naye anastahili kupelekwa hospitali; kwani wakati mwingine chanzo ni sonona, upungufu wa vitamini B12 au kasoro ya tezi ya shingo, na hayo yana tiba.

Je, kumbukumbu yaweza kusaidiwa bila dawa? Naam, kwa kiasi fulani. Njia ya kwanza ni kutembea. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2011 huko Marekani, wazee waliotembea dakika 40, mara tatu kwa juma, kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao ziliongezeka kwa asilimia 2 hivi. Ya pili ni kupima shinikizo la damu na kulidhibiti, maana mishipa iliyoharibika huunyima ubongo damu ya kutosha. Ya tatu ni kuacha tumbaku na kupunguza pombe. Ya nne ni kutunza masikio na kuepuka upweke, kwa kuwa mazungumzo ni kazi ya ubongo. Chakula chenye maharage, mboga za majani, ulezi na samaki hufaa mwili mzima. Bali vidonge vya vitamini havikupendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, kuwa kinga kwa asiye na upungufu wake.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya maradhi haya duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa visababishi 14 walivyovitaja ni elimu haba utotoni. Yaani mwanafunzi aliyepo darasani Sumbawanga leo anajiwekea akiba ya uzeeni.

Tena anaweza kuwafaa wazee wake. Akiwauliza habari za kazi za kale, na aulize hatua kwa hatua, akiwapa jembe au nyundo mkononi, kwani kitu kinachoshikwa huita kumbukumbu. Kisha ayaandike majibu yao, wangali wakiyakumbuka.