Nani Aliyeshinda Mdahalo?

Msomaji mpendwa, tuseme umekwenda kuwasikiliza watu wawili wanaotaka kiti kimoja cha Bunge. Mmoja anasema upesi, anachekesha, na sauti yake yafika mpaka nyuma ya ukumbi. Wa pili anasitasita, anatafuta maneno, mara anajifuta jasho. Ukirudi nyumbani ukaulizwa, “Ameshinda nani?” utajibu nini? Nadhani utamtaja yule wa kwanza, tena bila kufikiri. Basi kabla hujajibu, keti usikie habari za mdahalo mmoja uliofanyika South Pasadena, katika jimbo la California huko Marekani, tarehe 13 Septemba, 1946.

Bunge la Marekani, ambalo wenyewe huliita Kongresi, lina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Katika hilo la pili kila wilaya ya uchaguzi hupeleka mjumbe mmoja, naye hukaa miaka miwili tu kabla ya kurudi kuomba kura. Mjumbe wa wilaya ya 12 ya California alikuwa Bwana Jerry Voorhis wa chama cha Democrat, mwenye umri wa miaka 45. Alikuwa amechaguliwa mara tano mfululizo tangu 1936, na kabla ya hapo aliongoza shule ya wavulana. Mpinzani wake alikuwa wakili wa miaka 33, wa chama cha Republican, aliyekuwa ametoka katika jeshi la wanamaji, na nje ya mji wake wa Whittier watu wachache sana walimjua. Jina lake Richard Nixon. Tangu shuleni alikuwa fundi wa midahalo.

Upande wa Nixon ulikuwa umetangaza kwamba Voorhis anaungwa mkono na kamati ya siasa ya CIO, yaani shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi. Mwaka ule hilo halikuwa neno dogo. Watu wengi waliamini ya kuwa Wakomunisti wamejificha ndani ya kamati ile, kwa hiyo kusema “CIO inamtaka” kulikuwa karibu sawa na kusema “Wakomunisti wanamtaka.” Voorhis alikana. Na kweli, mwaka 1946 kamati ya CIO haikumwunga mkono.

Wakati wa maswali jambo hilo likazuka ukumbini, na Nixon akadaiwa ushahidi. Hapo akatoa karatasi mfukoni, akavuka jukwaa mpaka aliposimama mwenzake, akampa mkononi. Hebu fikiri ndugu msomaji: ukumbi umejaa, macho yote yanakutazama, na mpinzani wako anakuletea karatasi ambayo hukuitazamia. Voorhis aliisoma, akababaika, kisha akasema kwamba hiyo ilionekana kuwa ya kamati nyingine. Nixon akaanza kusoma majina ya viongozi waliokuwa katika kamati zote mbili, jina baada ya jina, na watu wake wakashangilia. Kila aliyekuwapo alijua nani ameshinda jioni ile.

Sasa tuisome karatasi yenyewe. Sisi makarani ndiyo kazi yetu, kutazama barua imetoka kwa nani na imekwenda kwa nani kabla ya kubishana juu ya maneno yake. Ile haikuwa karatasi ya kamati ya CIO. Ilikuwa taarifa ya tawi la Los Angeles la kamati nyingine, ya raia wasio wanachama wa vyama vya wafanyakazi, tena ilikuwa pendekezo tu lililopelekwa kwa wakubwa wao. Majina mawili yalifanana, na baadhi ya viongozi walikuwa walewale, hilo ni kweli. Lakini baba mmoja akiwa mjumbe katika halmashauri ya kijiji na pia katika kamati ya shule, je, barua ya kamati ya shule imekuwa barua ya kijiji? Jibu la Voorhis lilikuwa sahihi. Alilitoa kama mtu anayeomba radhi, basi likahesabiwa kuwa kosa.

Lipo na lingine ambalo karatasi ile haikuligusa. Mwaka 1940 Kongresi ilipitisha sheria ya kuyalazimisha mashirika yanayoongozwa kutoka nchi za nje kujiandikisha kwa serikali, na Wakomunisti walikuwa miongoni mwa waliolengwa. Sheria hiyo mpaka leo yaitwa Sheria ya Voorhis, maana yeye ndiye aliyeileta. Mwenye sheria hiyo ndiye aliyeshindwa kujitetea mbele ya majirani zake kwamba yeye si rafiki wa Wakomunisti!

Kulikuwa na midahalo mitano kwa jumla. Baadaye Nixon aliwaambia watu kwamba katika miaka minne sheria moja tu ya Voorhis ilikuwa imepitishwa, nayo ilihusu sungura wa kufugwa, kuwahamisha kutoka wizara moja na kuwaweka chini ya Wizara ya Kilimo. Kumbe, akasema, katika wilaya hii ili upate mjumbe wa kukusemea yafaa uwe sungura! Watu walicheka, na mimi nikisoma nacheka. Lakini kazi ya mjumbe si kuandika sheria zenye jina lake tu. Yako masahihisho anayoyaingiza katika sheria za wengine, ziko kamati anazokaa usiku kucha. Kazi hiyo haichekeshi wala haielezeki kwa dakika mbili, na mzaha wa sungura huelezeka kwa nusu dakika.

Kama ningepewa kuwatolea alama, kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu, nisingetoa moja tu kwa kila mtu. Kwa matayarisho na kusema, Nixon angepata nyingi, na ni haki yake: alikuja na karatasi, naye mwenzake hakujua hata kwamba ipo. Mjumbe wa miaka kumi anapaswa kujua yanayoandikwa juu yake katika wilaya yake mwenyewe, na hapo Voorhis namkata bila huruma. Kwa ukweli wa jambo lenyewe ningegeuza karatasi ya alama. Aliyekuwa na neno la kweli ni yule aliyebabaika. Wengi wetu tunatoa alama ile ya kwanza tu, tukidhani ndiyo mtihani wote.

Tarehe 5 Novemba Nixon alipata kura 65,586, Voorhis 49,994. Nisikudanganye kwamba karatasi ile peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Mwaka ule ulikuwa na migomo mingi, nyama ilikuwa adimu madukani, na chama cha Republican kilishinda mabaraza yote mawili nchini. Hata hivyo Nixon aliingia Kongresi kwa mlango huo, na mwaka 1960, akitaka urais, alikutana na John Kennedy katika televisheni mjini Chicago. Safari hii yeye ndiye aliyeonekana amekwajuka, maana alikuwa ametoka hospitali kwa ajili ya goti, na watu wakazungumza juu ya uso wake kuliko majibu yake.

Ukienda kusikiliza wagombea, chukua daftari na kalamu ya risasi. Gawa ukurasa mara mbili, upande mmoja andika swali lilivyoulizwa, upande wa pili jibu. Makofi usiyaandike. Karatasi ikionyeshwa jukwaani, andika imetoka kwa nani na ya tarehe gani, halafu kesho yake uitafute uisome. Utakuta mahali ambapo swali lipo na upande wa jibu ni mtupu, ingawa ulikumbuka mtu akisema kwa dakika tano.

Voorhis hakugombea tena kiti kile. Alikwenda kufanya kazi katika shirikisho la vyama vya ushirika vya Marekani, akaliongoza mpaka mwaka 1967.