Tujifunze JavaScript, Sehemu ya 3: Objekti na Methodi Zake

Wiki iliyopita tuliishia kwenye namba na maneno. Leo tunaingia kwenye objekti, na namwomba msomaji asiishie kusoma. Afungue kivinjari. Kompyuta ya maabara pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au ya steshenari Iringa mjini, inatosha hata bando likiwa limekwisha, kwa kuwa JavaScript imo ndani ya kivinjari chenyewe. Ndivyo Brendan Eich alivyoiunda mwaka 1995 kwa ajili ya Netscape. Bonyeza F12, chagua konsoli, uandike:

let basi = {toka: "Mbeya", kwenda: "Iringa", abiria: 0, pandisha: function(n) { this.abiria = this.abiria + n; return this.abiria; }}

Ukibonyeza Enter, konsoli itajibu undefined. Wanaoanza huingiwa na hofu hapo, lakini hakuna kilichoharibika: kutangaza jina hakurudishi thamani yoyote.

Objekti hii ina taarifa zake, yaani toka, kwenda na abiria. Ina pia kazi inayojua kuifanya, pandisha, na kazi iliyowekwa ndani ya objekti ndiyo methodi. Wakipanda watu 30 stendi ya Mbeya, andika basi.pandisha(30). Makambako wakiongezeka 5, andika basi.pandisha(5). Utapata 35, maana objekti inatunza hesabu yake. Ukisahau mabano hapandi mtu; konsoli inakuonyesha tu methodi ilivyoandikwa. Ukikosea herufi ukaandika basi.abira, JavaScript haikukaripii, inajibu undefined na kunyamaza. Kwangu mimi huu ni udhaifu mkubwa wa lugha hii, na ndiyo sababu nasisitiza konsoli: kosa unaliona papo hapo.

Sasa panaposumbua. Neno this halikufungwa kwenye basi letu. Linashika objekti iliyo kushoto kwa nukta wakati methodi inapoitwa. Andika let p = basi.pandisha, kisha p(4). Jibu ni NaN, yaani si namba. Nukta haipo, kwa hiyo this imeangukia kwenye dirisha la kivinjari, ambalo halina abiria; undefined ukiijumlisha na 4 hupati namba. Kagua basi.abiria: bado 35. Kisha andika p.call(basi, 4). Umeitajia methodi objekti ya kushughulikia, nayo inajibu 39.

Wiki ijayo tutaita basi.toString(), methodi ambayo hatukuiandika lakini inajibu, na tutafuatilia ilikotoka.