Alama za Damu Iliyovilia Mwilini mwa Mtoto: Zimetoka Wapi?

  Kama wakati huu unamwogesha mtoto, ni vyema, kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yanaanzia kwenye karai.

Unamvua mtoto nguo, unamgeuza, unaona alama ambayo jana haikuwepo. Si kidonda, ngozi haikupasuka. Ni doa jeusi au la zambarau, pengine limevimba kidogo, na ukiligusa analia. Hiyo ni damu iliyovilia. Mshipa mdogo umepasuka chini ya ngozi, damu ikatoka ikakosa pa kwenda. Baada ya siku kadhaa doa hugeuka rangi ya kijani au manjano, kisha hupotea. Kwa ngozi yetu nyeusi mabadiliko hayo si rahisi kuyaona, kwa hivyo mwangalie mtoto mchana penye mwanga, si usiku kwa koroboi.

Mtoto anayekimbia hujigonga. Ukiona alama kwenye goti, kwenye muundi au kwenye paji la uso, usishtuke. Hapo mfupa uko karibu na ngozi, na ndipo panapotangulia kufika chini anapoanguka. Siku ya kwanza weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Najua nyanya zetu walitukanda kwa maji moto, lakini joto la mapema huzidisha kuvuja kwa damu. Na tafadhali, asichanjwe kwa wembe eti damu mbaya itoke.

Kuna pia watoto wanaozaliwa na mabaka ya rangi ya samawati au kijivu matakoni na kiunoni. Hayaumi, hayabadiliki rangi kwa siku chache, na mengi hufifia kabla mtoto hajaanza shule. Hayo ni alama za kuzaliwa tu. Mwombe muuguzi ayaandike katika kitabu cha kliniki, ili siku moja mtu asije akasema mtoto alipigwa.

Sasa, wasiwasi ni zile alama zisizo na maelezo. Ziko kifuani, tumboni, mgongoni, masikioni au shingoni. Au ziko kwa mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa. Mtoto wa miezi mitatu hajigongi. Hulala pale ulipomweka. Hapo ndipo majibu ya haraka huanza. Jirani atasema ni yaya. Mama mkwe atasema ni mama mwenyewe. Mwingine atasema ni jini lililomfinya usiku.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja kliniki na mvulana wa miezi tisa. Mbavuni mwake kulikuwa na alama za vidole, vinne upande wa nyuma na kidole gumba mbele. Mama alikuwa tayari amemfukuza yaya wake. Nami nakiri kwamba nilipoziona nilidhani vivyo hivyo, kuwa mtoto amefinywa. Kisha tukazungumza. Nikamwuliza kuhusu chanjo, akasema kila alipochomwa sindano paja lilifanya uvimbe mgumu kwa siku nyingi. Nikamwuliza kuhusu ukoo wao. Akanyamaza, halafu akasema kaka yake alifariki baada ya kutahiriwa. Damu haikukatika, na watu walisema amerogwa. Tulimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, na vipimo vikaonyesha mtoto ana hemofilia. Alama zile zilikuwa za mikono iliyomnyanyua kwa upole kumtoa kitandani. Yaya hakuwa na kosa.

Hemofilia ni upungufu wa kitu kimoja kati ya vile vinavyoisaidia damu kuganda. Hupitia kwa mama, lakini wanaougua ni wavulana karibu wote, na mama mwenyewe huenda asione dalili yoyote. Aina iliyo ya kawaida zaidi humpata mvulana mmoja katika kila 5,000 hivi. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana mwingine katika ukoo, kwa hivyo usitulie eti kwenu haipo. Lakini uliza: je, kuna mjomba aliyetokwa damu nyingi alipotahiriwa au alipong'olewa jino? Uliza kabla ya mwanao kupelekwa tohara, iwe ni hospitalini au ni ya kimila. Ugonjwa huu una matibabu, na wagonjwa huhudumiwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na katika ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret. Chanjo usiache. Mwambie muuguzi mapema, atatumia sindano nyembamba na kupabana mahali pale kwa dakika kumi.

Hiyo si sababu pekee. Damu ina chembe ndogo sana zinazoziba matundu ya mishipa. Wakati mwingine, wiki mbili au tatu baada ya mafua au homa ya kawaida, mwili huziharibu chembe hizo kwa makosa. Mtoto anacheza na kula kama kawaida lakini amejaa madoa. Wengi hupona ndani ya miezi sita, ila lazima daktari amfuatilie. Kama pamoja na madoa amepauka, amechoka, ana homa isiyokwisha, analalamika mifupa inauma au ana uvimbe shingoni na kwapani, mpeleke mapema, kwani saratani ya damu huanza hivyo. Inapogunduliwa mapema, watoto wengi hupona.

Kwa mtoto mchanga kuna jambo lingine. Huzaliwa na vitamini K kidogo, na maziwa ya mama hayana ya kutosha. Ndiyo sababu hudungwa sindano ya vitamini hiyo pajani mara anapozaliwa. Uliyejifungulia nyumbani, huenda wako hakuipata. Ukiona doa, au damu puani au kitovuni, katika miezi ya kwanza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Damu hiyo inaweza kuwa inatangulia kuvuja kwingine kubaya zaidi, ndani ya kichwa.

Na kama mtoto ana homa na vidoa vidogo kama ncha ya pini, bonyeza juu yake upande wa glasi safi. Visipofifia chini ya glasi, usingoje asubuhi. Kwa mtoto mweusi viangalie kwenye nyayo, viganja, na ndani ya kope. Huenda ni ugonjwa wa uti wa mgongo.

Dawa pia huchangia. Usimpe mtoto aspirini; kwa maumivu parasetamoli yatosha.

Sasa niseme lililo gumu. Kisa cha yule yaya hakimaanishi kuwa watoto hawapigwi. Wanapigwa, na mara nyingi na mtu anayejulikana. Alama masikioni, shingoni au matakoni, zenye umbo la mkanda au waya, na maelezo yanayobadilika kila ukiuliza, hizo usizifiche hata kama aliyefanya ni wa nyumba yako. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Daktari naye hupima damu na kuuliza maswali yote mawili, la ugonjwa na la kupigwa. Usiudhike ukiulizwa. Swali hilo humkinga asiye na hatia kama linavyomkinga mtoto.

Unapokuja, beba kitabu cha kliniki na dawa zote alizopewa, hata za kienyeji. Andika siku uliyoona kila doa na lilipokuwa. Kama hujui kuandika, mwambie mwanao mkubwa akuandikie.

Juma lijalo tutazungumza juu ya mtoto anayekataa kunyonya. Kwaheri ya kuonana.