Pakomi: Kuruta Aliyewawekea Watawa Kanuni
Mnamo mwaka 312 au 313, wakuu wa dola ya Roma walipokuwa wakipigania kiti, vijana wa Misri ya Juu walikamatwa na kutiwa jeshini kwa nguvu. Miongoni mwao alikuwamo Pakomi, mwenye umri wa miaka 20 hivi, ambaye wazazi wake waliabudu miungu ya kale ya Wamisri. Makuruta hao walipakiwa chomboni wakateremshwa na mto Naili, mto huo huo utokao Jinja. Walipofika Thebe, ambayo leo ni Luxor, wakafungiwa gerezani wasije wakatoroka.

Aliyewahi kuwa kuruta hahitaji kuelezwa hali yao. Jioni hiyo raia wa mji walikuja na chakula wakawalisha watu wasiowajua. Pakomi akauliza hao ni akina nani. Akajibiwa kuwa ni Wakristo, nao huwatendea wema watu wote, wageni kwa wenyeji. Usiku ule akaahidi kwamba akitoka salama atamtumikia Mungu wao na kuwahudumia wanadamu. Vita vikaisha kabla hajapigana, makuruta wakaachiliwa, naye hakuisahau ahadi. Alibatizwa katika kijiji cha Sheneset, akawauguza wanakijiji wakati wa tauni, kisha akaishi miaka kadhaa chini ya mkaapweke mzee aitwaye Palamon.

Wengi wamsifuo Pakomi hupita haraka juu ya jambo lililofuata, nami naliona ndilo kiini cha habari zake. Alipojenga makao Tabenisi, kijiji kilichohamwa kando ya Naili, watu walimjia wakae naye. Kila mmoja alibaki na mali yake na kutoa sehemu yake ya chakula; Pakomi akawapikia, akawapokelea wageni, akawahudumia kama mtumwa. Hawakumstahi. Walimdhihaki, wakakaidi kila alilowaomba. Alivumilia miaka minne au mitano, kisha akawawekea masharti, na walipoyadharau akawafukuza wote.

Waliokuja baadaye walikuta amri. Aingiaye aliacha mali yake, na vyote vikawa shirika. Asiyejua kusoma alifundishwa, apende asipende. Yeronimo, aliyeitafsiri kanuni hiyo kwa Kilatini mwaka 404, anaeleza kwamba watawa waligawanywa katika nyumba zenye watu 40 hivi, kila nyumba na mkuu wake na msaidizi, wakikaa pamoja wenye kazi moja: wafuma nguo, wasuka mikeka, mafundi viatu. Msomaji askari atautambua muundo huo mara moja, ingawa Pakomi alikaa jeshini muda mfupi mno kuweza kujifunza mengi.

Naye mwenyewe hakusimama juu ya kanuni. Siku moja akisuka mkeka, mtoto alimwambia kuwa hasuki sawasawa, kwani Theodoro, mfuasi wake, aliwafundisha namna nyingine. Pakomi akainuka, akaketi tena, akamwomba mtoto amwonyeshe.

Lakini wakati wa njaa hakuwa mpole. Alimtuma ndugu mmoja kununua ngano, naye akakutana na mtumishi wa serikali mwenye dhamana ya ghala la umma. Mtu huyo, kwa kuwaheshimu watawa, alimpa ngano nyingi kupita fedha alizokuwa nazo, kwa bei ya chini kuliko ya sokoni, deni lilipwe wakati wa mavuno. Ndugu alirudi na shehena akitarajia sifa. Pakomi alikataza hata punje moja isiingie ndani. Akaamuru ngano yote iuzwe kwa wanavijiji kwa bei ile ile iliyonunuliwa na deni lirudishwe, akamwondoa ndugu yule katika kazi ya ununuzi.

Tauni ilimwua mwezi Mei 346, akiacha monasteri tisa za wanaume na mbili za wanawake, ya kwanza kati ya hizo mbili ikiwa ile aliyomjengea dada yake Maria. Katika ugonjwa wake aliomba blanketi jepesi, maana lile lake lilimlemea. Theodoro akamletea zuri kutoka ghalani. Pakomi akaliangalia, akaagiza lirudishwe, kwa sababu ndugu wengine waliolala wagonjwa hawakuwa na la namna ile.