Baada ya Kisu: Protini Zinazoutambulisha Uvimbe wa Ubongo

Mkulima wa alizeti wa Kinyangiri, wilayani Mkalama, akianza kuanguka kifafa ukubwani, wapo watakaosema amerogwa. Hospitali nayo ina mengi ya kushuku. Utafiti uliofanywa Haydom, jirani na Mkalama, ulionyesha kuwa baadhi ya wenye kifafa wana vifuko vya minyoo tegu ya nguruwe ndani ya ubongo. Kifua kikuu nacho huweza kujenga donge kichwani. Wengine wana uvimbe wa ubongo wenyewe. Kipimo cha CT huonyesha mahali donge lilipo na ukubwa wake, lakini mara nyingi hakiwezi kusema kwa uhakika ni donge la nini.

Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, ina historia ya kuheshimiwa katika kupasua ubongo. Mwaka 2006 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika pale akamfundisha tabibu wa hospitali hiyo, Emmanuel Mayegga, upasuaji wa ubongo. Kisa chao kimeandikiwa kitabu, na kilistahili. Lakini simulizi za namna hii huishia mgonjwa anapozinduka. Mimi nafuatilia kile kipande cha uvimbe kilichotolewa, kwa sababu ndicho chenye jibu ambalo mgonjwa amelifuata.

Maabara hukikata kipande hicho vipande vyembamba mno, kisha hukipaka kingamwili, kila moja ikitafuta protini yake. Protini iitwayo GFAP ikionekana, uvimbe huenda umetokana na seli zinazoutegemeza ubongo, si saratani iliyosafiri kutoka titi au pafu. Ki-67 humulika seli zilizo katika kugawanyika. Iligunduliwa Kiel, Ujerumani, na kutangazwa mwaka 1983. Jina limetokana na mji huo na namba ya kishimo cha sahani ya maabara. Seli zilizoshika rangi zikiwa nyingi, uvimbe unakua kwa kasi. Hata hivyo, wataalamu wawili wakihesabu kioo kimoja wanaweza kupata hesabu tofauti, kwa hiyo simwamini anayetoa hukumu kwa Ki-67 peke yake.

Yenye uzito zaidi ni IDH1. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waligundua kwamba baadhi ya uvimbe wa ubongo una kasoro katika jeni ya kimeng'enya hiki. Muda mfupi baadaye, mjini Heidelberg, Ujerumani, ilitengenezwa kingamwili inayoishika protini yenye kasoro iliyo ya kawaida kuliko zote, na kuiacha ile nzima. Tangu mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani halimwiti mtu mzima mwenye kasoro hiyo mgonjwa wa glioblastoma, hata kama uvimbe wake unatisha chini ya hadubini. Tofauti si ya majina. Mwenye glioblastoma, hata akipata mionzi na dawa ya temozolomide, kwa kawaida huishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwenye uvimbe wa daraja la chini wenye kasoro ya IDH huweza kuishi miaka kumi au zaidi. Mmoja anahitaji kupanga mambo ya familia sasa hivi. Mwingine ana misimu mingi ya kulima mbele yake, na kumwambia vinginevyo ni kumdhulumu.

Kuitafuta kasoro hiyo kwa kusoma jeni zote kunahitaji mashine za bei kubwa. Kupaka kingamwili kunahitaji joto, jokofu, hadubini na daktari wa patholojia. Madaktari hao ni wachache Tanzania na wengi wamejikusanya katika miji mikubwa, lakini kipande kinaweza kusafiri kuwafuata, kikitunzwa. Hapo ndipo mambo huharibika. Nyama ikikaa bila formalini, dawa ya kuihifadhi, huanza kuoza na protini zake huvunjika. Ikisongwa kwenye kichupa chenye formalini kidogo, nje hukakamaa na ndani huoza. Ikilowekwa kwa majuma, protini hujificha na kingamwili hushindwa kuzishika. Inatakiwa formalini ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wa kipande, chombo chenye mdomo mpana, na saa ya kuloweka iandikwe. Hivi haviwezi kuishinda hospitali ambayo imeshaweza kufungua fuvu.

Maabara hukigandisha kipande kwenye nta, nacho hudumu miaka mingi. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha vorasidenib, vidonge vya wenye uvimbe wa daraja la 2 wenye kasoro ya IDH waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Kwa hiyo naomba namba ya kipande iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, pamoja na jina la maabara inayokitunza, ili aliyepasuliwa mwaka huu aweze kupimwa upya wakati wowote dawa au kipimo kipya kitakapofika.