Kenya: Silaha za kutuliza ghasia nazo huua

Juni 17, 2025, wakati wa maandamano jijini Nairobi, mchuuzi wa barakoa asiye na silaha alipigwa risasi kichwani na polisi kwa karibu. Alifariki dunia Juni 30. Jeshi la Polisi la Kenya lilieleza kuwa afisa husika alitumia bunduki ya kutuliza ghasia.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 unataka risasi za mpira na nyingine za aina hiyo zielekezwe miguuni au chini ya tumbo, tena kwa mtu anayefanya vurugu pekee. Zikilenga kichwa, huweza kupasua fuvu au kupofusha. Rungu nalo si salama: mwaka 2017 mjini Kisumu, mtoto mchanga wa miezi sita alifariki baada ya kupigwa polisi walipovamia nyumba yao.

Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka afisa aanze na njia zisizo za nguvu, na kifo kinachotokana na nguvu za polisi kiripotiwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Kifungu cha 244 cha Katiba kinataka maafisa wafunzwe kuheshimu haki za binadamu.

Hivyo, kununua silaha zenye madhara madogo hakutoshi. Umbali, shabaha na uamuzi wa kutofyatua hutokana na mafunzo. Afisa asiyeyapata huigeuza silaha hiyo kuwa ya kuua.