Sakafu ya Mbao Ngumu: Ukavu Kwanza, Jina la Mti Baadaye

Fedha za korosho huingia mikononi mwa wakulima wa pwani ya kusini kuanzia Oktoba hadi Januari, na ndiyo miezi ambayo nyumba nyingi humaliziwa. Bati hununuliwa, milango hutiwa, sakafu hupigwa. Wapo wananchi wa kata zetu ambao, badala ya vigae vya kauri, hupenda sebule au chumba cha kulala kiwe na sakafu ya mbao ngumu, na upendeleo huo una sababu. Mbao haiteleziki kama kigae, haiumizi goti la mzee anayeswali wala la mtoto anayetambaa, na ikichakaa hupigwa msasa ikarudia upya wake. Tena miti inayofaa kwa kazi hiyo huota katika mkoa wetu wenyewe.

Tatizo ni kwamba fedha hizo huja pamoja na mvua. Mwananchi hununua mbao mwezi wa Desemba, zikiwa zimepasuliwa majuma machache tu yaliyopita, na kwa kuogopa fedha isije ikatumika kwa jambo jingine humwita fundi siku hiyo hiyo. Mwandishi wa makala haya aliingia katika mtego huo mwenyewe. Alinunua mkongo mzuri, mwekundu, usio na mafundo, na siku kumi baadaye chumba kilikuwa kimekwisha na majirani wamekuja kukitazama. Kufikia Agosti, mwanya kati ya ubao na ubao ulitosha kumeza sarafu ya shilingi mia mbili iliyosimamishwa kwa ukingo, na mbao mbili zilikuwa zimejikunja hata mlango ukawa unakwaruza. Mti ulikuwa mkongo kweli, na fundi alikuwa hodari. Kosa lilikuwa la aliyeharakisha, naye ndiye anayeandika.

Yafaa kueleza kilichotokea, maana wengi hudhani mbao hupasuka na kuachana kwa sababu ya ubaya wa mti. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji, mengine katika vijitundu vyake na mengine katika nyama yenyewe ya mbao. Maji ya vijitunduni yakitoka, mbao hupungua uzito lakini haibadiliki umbo. Yale yaliyomo katika nyama ya mbao, ambayo huanza kutoka unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, ndiyo yanayoifanya isinyae. Katika hewa ya pwani yetu, mbao iliyomo ndani ya nyumba hutulia kwenye unyevu wa asilimia 12 hadi 15. Hivyo, mbao iliyopigiliwa ikiwa na asilimia 30 au zaidi itasinyaa mahali pale pale ilipopigiliwa, na hakuna msumari utakaoizuia.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua chumba chenye upana wa mita 4 kilichotandikwa mbao 40, kila moja ikiwa na upana wa milimita 100. Kila ubao ukisinyaa kwa asilimia 3 tu, mwanya mmoja huwa wa milimita 3, na jumla ya upana uliopotea ni milimita 120, yaani zaidi ya ubao mzima.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe mbao hizo zilipasuliwa lini na zikahifadhiwa wapi. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila inchi moja ya unene, mbao zikiwa chini ya paa. Miti mizito kama mkongo haitaki kuharakishwa. Ikianikwa juani hukauka nje kabla ya ndani na kupasuka vichwa. Viko viwanda vyenye matanuri ya kukaushia, na mbao ya tanuri ni nzuri mno, ila izingatiwe kwamba ikilazwa nje ya duka msimu wa mvua hurudia unyevu. Kauli ya muuzaji kwamba mbao imetoka tanurini haitoshi ikiwa mbao yenyewe imefunikwa turubai lenye maji.

Yeye asiye na kipima unyevu anaweza kutumia mizani ya duka. Kata kipande cha sentimita 30 katikati ya ubao mmoja, si mwishoni, maana vichwa hukauka upesi na hudanganya. Kipime, andika uzito kwa penseli juu yake pamoja na tarehe, kisha kirudishe katikati ya rundo. Kila wiki kipime tena. Uzito ukiwa bado unashuka, mbao bado inatoa maji. Ukikaa pale pale kwa wiki tatu mfululizo katika majira ya kiangazi, mbao imekwisha patana na hewa ya nyumba yako. Kipande cha mkongo chenye unene wa inchi moja na upana wa inchi sita kinaweza kuanza na gramu 1,150 na kutulia karibu na gramu 900. Tofauti hiyo ni robo lita ya maji, ndani ya kipande ambacho mtu hukishika kwa mkono mmoja.

Rundo lenyewe lipangwe hivi. Liinuliwe kutoka ardhini kwa matofali, angalau sentimita 40, ili mchwa waonekane mapema na hewa ipite chini. Kati ya tabaka na tabaka ziwekwe fito kavu zenye unene ulio sawa, kila baada ya sentimita 50, na fito za juu zisimame sawasawa juu ya zile za chini; zikipishana, mbao hupinda kufuata pengo. Vichwa vipakwe rangi yoyote iliyobaki au nta. Pande ziachwe wazi, juu pawe na bati na mawe ya kuikandamiza. Chumba kisichokamilika chenye madirisha mapana hufaa kuliko banda.

Sasa tuje kwenye miti. Mkongo ni chaguo la kwanza kwa sakafu katika ukanda wetu: ni mzito, moyo wake hauliwi na mchwa kwa urahisi, na ukishakauka hautikisiki sana kwa mabadiliko ya majira. Mpangapanga, wenye rangi ya kahawia iliyokoza na mistari myembamba, ni mgumu pia na huvumilia miguu mingi, lakini vipande vyake virefu vilivyonyooka ni adimu, kwa hiyo hufaa zaidi kwa vigae vya mbao kuliko kwa mbao ndefu. Mninga, unaotoka zaidi misitu ya miombo kama ile ya Tabora, Katavi na kwetu Liwale, ni mwepesi kuliko hiyo miwili na ndio unaosinyaa kidogo kabisa. Kwa chumba cha kulala hauna mpinzani, kwa ukumbi wenye viti vya chuma utapata mikwaruzo. Mvule ni imara ingawa umekuwa haba, na fundi aonywe kwamba ndani yake mara nyingine mna chembe ngumu kama jiwe zinazovunja meno ya msumeno. Msaji, ambao wengine huuita mtiki, hulimwa katika mashamba ya serikali kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Msaji mkomavu ni mbao bora. Ule uliovunwa mchanga una sehemu nyeupe kubwa. Mpingo tuuache kwa wachongaji na watengeneza zumari. Ni mzito kupita kiasi, hauna ubao mpana, na kuusaga uwe sakafu ni kupoteza mali.

Hiyo sehemu nyeupe ndiyo inayowaponza wanunuzi kuliko kosa la jina. Katika kila mti, hata mkongo, mbao iliyo karibu na gome ni laini na ina wanga ambao bungua huupenda. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Wa pili unakuta unga mweupe chini ya kitanda na matundu kama ya sindano. Geuza kila ubao pande zote mbili kabla ya kulipa. Wenye weupe katika ukingo uchanwe, na kipimo cha bei kihesabiwe kwa kilichobaki. Kadhalika, msonobari au mwembe uliopakwa rangi ya kahawia huuzwa wakati mwingine kwa jina la mninga. Omba ruhusa ya kupitisha randa mara moja katika kona: rangi ya dawa huishia juu, rangi ya mti huendelea ndani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Pamoja na mbao, chukua karatasi. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao ya misitu husafirishwa kwa hati maalumu ya kusafirishia, na magogo yaliyovunwa kihalali hugongwa nyundo yenye alama. Mwananchi anayenunua dukani hana haja ya kuona gogo, lakini anayo haki ya kuona usajili wa mfanyabiashara na kupewa risiti inayotaja aina ya mti na kiasi. Akitaka kuzipeleka mbao kijiji kingine, aulize kwanza ofisi ya misitu juu ya hati ya safari hiyo, na asikubali kubebewa usiku. Mbao zisizo na hati huweza kutaifishwa zikiwa mikononi mwa yeyote, na aliyekwisha lipia fedha zake za msimu mzima ndiye anayebaki bila sakafu na bila fedha.

Wengine huona karatasi hizo kuwa usumbufu wa serikali. Mwandishi haoni hivyo, kwa sababu kijiji chenye msitu wake wa hifadhi ulioandaliwa kisheria hupanga bei ya miti yake na kubaki na mapato. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, na mkongo au mpangapanga uliotoka katika msitu wa namna hiyo umelipiwa kwa wenyewe. Mti uliokatwa usiku katika msitu huo huo haukumlipa mtu yeyote pale kijijini.

Kuhusu kiasi, wengi hununua pungufu kisha hukosa mbao za kufanana nazo. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina meta za mraba 12, sawa na futi za mraba 129. Ubao wa inchi 1 kwa 6 wenye urefu wa futi 12 ukipigwa randa na kuchongwa ulimi na mfereji hubaki na upana wa kufunika wa takriban inchi 5 na robo, hivyo hufunika futi za mraba 5 na robo. Zinahitajika mbao 25. Ongeza asilimia 10 kwa vipande vya kukata na vyenye kasoro, ufikie 28. Mbili tatu zitakazobaki zihifadhiwe darini kwa matengenezo ya baadaye.

Kabla ya ubao wa kwanza kuingia chumbani, jamvi la zege nalo lazima liwe kavu. Zege lenye unene wa sentimita 10 huhitaji takriban miezi minne ya hewa nzuri. Jaribio lake ni rahisi: tandaza kipande cha nailoni safi cha nusu mita kwa nusu mita, bandika kingo zote kwa utepe, kiache usiku na mchana. Ukikifunua ukakuta jasho chini yake au zege limekuwa jeusi zaidi, subiri. Nyumba ambayo jamvi lake halikuwekwa nailoni chini wala dawa ya mchwa wakati wa kujenga haifai kwa sakafu ya mbao mpaka fundi wa ujenzi ashauriwe. Hapo vigae vya kauri ni busara zaidi, na tunalisema hilo ijapokuwa makala haya ni ya mbao.

Wakati wa kupiga, mbao zikae chumbani humo angalau wiki mbili, madirisha yakiwa wazi kama yatakavyokuwa siku zote. Fundi aache nafasi ya milimita 12 kuzunguka kuta zote. Itafichwa na ubao wa ukingoni. Baadhi ya mafundi huiona nafasi hiyo kama uzembe na kuibana hadi ukutani, nayo sakafu ikivimba masika hunyanyuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Msisitizie, na kama ni lazima, simama naye. Baada ya msasa ipakwe vanishi tabaka tatu, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Deki ya ndoo nzima ya maji, tuliyoizoea kwenye saruji, ikomeshwe katika chumba hicho. Tambara lililokamuliwa vizuri linatosha.

Kwa mwenye fedha mkononi sasa hivi, basi, hakuna ubaya wa kununua Desemba, wakati zipo. Anunue akiwa na risiti, azipange mbao kwa fito chini ya paa, na akae juu ya saruji yake mvua zote zipite. Mbao ya inchi moja iliyokwisha kaa miezi kadhaa dukani huenda ikawa tayari kiangazi hicho hicho. Ile mbichi itasubiri kiangazi kinachofuata. Kile kipande chenye maandishi ya penseli ndicho kitakachomwambia. Akiwa na shaka juu ya mti wenyewe au hati zake, apitie kwa Mtendaji wa Kata aelekezwe kwa Afisa Misitu wa Wilaya, na achukue kipande hicho pamoja na risiti yake.